Dakika moja iliyorukwa: kisa cha dereva aliyejua kupumua vizuri lakini hakupona

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Umri, njia aliyokuwa akipita, kazi ya mkewe na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha au nimeyaacha. Alisoma rasimu, akaniomba nifute sentensi mbili na kuongeza moja. Nakileta kwa wenzangu wa ushauri nasaha na tiba ya saikolojia, hasa wanaoanza kushughulika na kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, kwa sababu kosa lililomchelewesha kupona lilikuwa langu, na ni kosa lenye sura ya uangalifu.

## Usuli

Nitamwita Bwana M. Alikuwa na miaka arobaini na ushei, dereva wa malori ya masafa marefu kwa miaka 16, ana mke na watoto watatu. Hakuwahi kutibiwa ugonjwa wa akili, na utotoni hakupitia ukatili wala balaa lolote kubwa. Hilo la utotoni nilimwuliza mara mbili, kwa njia mbili tofauti, maana watu wengi hujibu "hapana" mara ya kwanza kwa adabu tu.

Miezi 14 kabla hajaja kwangu, lori lake lilifeli breki kwenye mteremko, likaacha njia, likalala ubavu. Yeye alitokea kwenye kioo cha mbele. Utingo wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, alibanwa mguu chini ya dashibodi. Dizeli ikashika moto. Bwana M. alirudi kumvuta, moto ukaingia ndani ya kabini, na kijana akafia humo.

Siku ya tatu mwajiri aliwakusanya madereva na wafanyakazi wengine chumbani kwa alasiri moja. Kila mmoja alitakiwa asimulie alichokiona na alivyojisikia, mwanzo hadi mwisho, kisha wakaambiwa sasa mizigo wameitua. Nia ilikuwa njema. Lakini kumkamua mtu maelezo yote kwa mkupuo, siku chache baada ya tukio, ni jambo lililochunguzwa kwa miaka mingi na halikuonekana kuzuia msongo wa baada ya kiwewe (PTSD). Jaribio moja la mwaka 1997 lililowahusu watu walioungua moto lilikuta kwamba, miezi 13 baadaye, waliopewa kikao cha namna hiyo walikuwa na hali mbaya kuliko ambao hawakupewa, ingawa kundi hilo lilikuwa limeumia zaidi tangu mwanzo. Kwa Bwana M. kikao kile kilifanya jambo moja la hakika: kilimpa toleo la hadithi. Alilisema mbele ya watu 20 akiwa na bandeji mikononi, likanyooka, na tangu hapo akawa analirudia vilevile kwa kila aliyemwuliza. Toleo hilo lilikuwa na tundu, na hakuna aliyeliona. Mimi mwenyewe nilichukua miezi.

Zahanati iliyomhudumia ilimwandikia vidonge vya jamii ya diazepamu vya wiki mbili ili alale. Aliendelea kuvinunua mwenyewe hadi alipofika kwangu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa ajili ya dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, lakini ushauri huo si kila meza ya tabibu umefika.

## Alivyofika

Kikao cha kwanza alivuta kiti hadi karibu na mlango, akavua kiatu cha kulia, akakichomeka kati ya mlango na fremu ili usijifunge. Akakaa hivyo, mguu mmoja na soksi. Hakueleza na mimi sikuuliza.

Nyumbani, mkewe aliniambia baadaye, milango yote ilikuwa ikilala wazi, hadi wa bafuni. Bwana M. alilala kwenye kiti cha sebuleni akiwa amevaa viatu. Jinamizi lilimjia usiku mara nne au tano kwa wiki. Mlio wa hewa ya breki za gari kubwa ulimtoa jasho hata akiwa ndani ya nyumba, na harufu ya dizeli ilimfanya asahau yuko wapi kwa sekunde kadhaa. Usukani hakuwa ameugusa tangu siku ile. Pombe aliianza jioni, kidogo, kisha si kidogo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bwana M. alikuwa ameshapita hapo: aliacha kabisa kwenda kunakoweza kuwa na ung'ongo.

Nilimpa dodoso la PCL-5, lenye maswali 20 yanayojumlishwa kutoka 0 hadi 80. Alama 31 hadi 33 ndiyo mahali ambapo kwa kawaida tunaanza kushuku kwa nguvu kwamba mtu ana msongo wa baada ya kiwewe. Yeye alipata 58. Kwenye dodoso la sonona la PHQ-9 alipata 17 kati ya 27, na swali la mwisho, lile la kutamani kufa, hakulijibu sifuri. Nikamwuliza waziwazi. "Heri ningefia naye," akasema, bila kupandisha sauti. Hakuwa na mpango wala hakuwahi kujaribu. Tulikubaliana siku hiyohiyo kwamba vidonge vitatunzwa na mkewe, na tukaandika kwenye karatasi nani atapigiwa simu usiku mambo yakizidi.

Utambuzi haukuwa mgumu. Mwongozo wa magonjwa wa ICD-11, uliokuwa umeanza kutumika rasmi mwaka 2022, unatenganisha msongo wa kawaida wa baada ya kiwewe na ule changamani. Huo changamani huonekana zaidi kwa waliopitia mateso ya muda mrefu au ya kujirudia, na huharibu pia namna mtu anavyojiona, anavyotawala hisia na anavyoishi na wengine. Bwana M. alikuwa na tukio moja na maisha ya mtu mzima yaliyokuwa yamesimama vizuri kabla yake. Neno hili "tukio moja" lishikeni, kwa sababu nililiandika kwenye faili kwa mkono wangu kisha nikatibu kana kwamba sikuliandika.

## Njia zilizokuwepo

Tiba za mazungumzo zenye ushahidi mzuri kwa kiwewe si nyingi, na zinafanana kuliko watetezi wake wanavyopenda kukiri. Ipo ya kukabili kumbukumbu, iliyojengwa na Edna Foa na wenzake: mteja husimulia tukio kana kwamba linatokea sasa, tena na tena, na huku nje anarudia hatua kwa hatua mambo anayoyakwepa. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 15 vya dakika 90. Ipo ya kuchakata fikra, ya Patricia Resick, vikao 12 hivi, inayozitafuta fikra zilizokwama baada ya tukio, kama vile "mimi ndiye chanzo", na kuzihoji. Ipo EMDR, aliyoianzisha Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo mteja huishika kumbukumbu akilini huku macho yake yakifuata mkono wa mtaalamu kwenda na kurudi. Na ipo tiba ya simulizi ya maisha, inayotandaza kamba sakafuni, mawe kwa mabaya na maua kwa mema, na kuyasimulia maisha yote kwa mpangilio. Hiyo ya mwisho ilitengenezwa kwa watu waliorundikiwa matukio mengi, kama wakimbizi wa vita.

Nilimweleza zote. Aliniuliza swali ambalo kila mteja huuliza kwa maneno yake: "Sasa hapo ipi haina kusimulia?" Nikamwambia EMDR haidai maelezo mengi kwa mdomo, lakini mimi sina mafunzo yake. Tukachagua kukabili kumbukumbu. Na nikaongeza: "Ila kwanza tukutulize kidogo."

## Vikao vya 1 hadi 9: kutulizana

Hicho "kidogo" kilikula vikao tisa. Tulifanya kupumua kwa tumbo, kukaza misuli na kuilegeza, kupiga picha ya mahali salama, na kutaja vitu vitano unavyoviona ili akili irudi chumbani. Tulipanga usingizi. Daktari tuliyeshirikiana naye alianza kumpunguzia vidonge taratibu kwa wiki nyingi, maana dawa hizo zikikatwa ghafla baada ya matumizi marefu huweza kuleta hata degedege. Pombe ilipungua. Bwana M. alikuwa mwanafunzi mzuri, hakukosa hata kikao kimoja, na mimi nilitoka kila kikao nikijiona nafanya kazi.

Dodoso lilikuwa na maoni tofauti: 58, baada ya vikao vinne 57, kikao cha tisa 55. Kwenye PCL-5 huwa tunatafuta badiliko la alama 10 au zaidi kabla ya kusema mtu amepata nafuu inayoonekana. Tatu ni kelele tu.

Kikao cha saba aliniambia, "Daktari" (mimi si daktari, nimeshamwambia mara nyingi, hasikii), "sasa hivi kupumua najua hata kukufundisha wewe. Lakini bado namsikia anavyoniita." Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, kisha nikamfundisha zoezi lingine la kupumua.

Kesi niliipeleka kwa msimamizi wangu nikilalamika kwamba mteja "hajawa tayari". Alisikiliza, akauliza, "Kati yenu wawili, nani anayeikimbia?" Sikuwa na jibu la heshima. Ukweli ni kwamba sikutaka kusikia kijana akiungua. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mpangilio wa hatua tatu ambao Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliueleza mwaka 1992, usalama kwanza, kisha kumbukumbu, kisha maisha. Ni mpangilio wenye busara, lakini Herman aliuandika akiwa na walioteswa kwa miaka mbele yake. Dereva wa ajali moja, mwenye nyumba, mke na akili timamu, usalama aliokuwa akiuhitaji aliupata kikao cha pili.

## Vikao vya 10 hadi 14: kukabili, na tundu

Nilimwomba radhi kwa kumchelewesha, nikamweleza upya kwa nini tunasimulia. Kumbukumbu ya kiwewe haikai kama jambo lililopita. Huja vipandevipande, kwa harufu na mlio, bila tarehe, ndiyo maana mwili hujibu kama moto unawaka sasa hivi. Kuisimulia polepole mahali salama huipa mwanzo, mwisho na tarehe. Akakubali. Akafumba macho, akasimulia kwa wakati uliopo, dakika 40, tukirekodi ili asikilize nyumbani kila siku. Kila dakika tano nilimwuliza namba ya taharuki, kutoka 0 hadi 100.

Kikao cha 10 alifika 95. Sehemu ya breki na ya lori kulala ikaanza kushuka kadiri tulivyorudia: 90, 75, 60. Nikafurahi. Lakini wiki ya tatu PCL-5 ikapanda hadi 61, jinamizi likawa la kila usiku, na kikao cha 13 hakuja. Mkewe, ambaye tulikuwa na ruhusa ya kuzungumza naye, alipiga simu: "Dada, ulichomfanya umemfungulia kitu ambacho hakifungiki." Tulimrudisha baada ya siku nne. Swali la kujidhuru lilikuwa limepanda kidogo, mpango bado haukuwepo, nikawa nampigia kila baada ya siku mbili.

Kabla ya kikao cha 14 nilisikiliza rekodi zote nne nikiwa na kalamu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu ya kwanza. Kila mara hadithi ilikwenda hivi: "Narudi kwenye kabini. Namshika mkono. Navuta. Moto unaingia. Najikuta niko barabarani." Kutoka kwenye mkono hadi barabarani hakukuwa na kitu. Mara zote nne, na maneno yaleyale ya siku ya tatu. Na jingine: kila alipokaribia hapo, nilisikia pumzi zake zikirefuka. Alikuwa akitumia zoezi nililomfundisha kuruka ukuta.

Kikao cha 14 nilimwambia asipumue kwa namna yoyote maalum, na tutakaa kwenye dakika hiyo moja tu. "Umemshika mkono. Mkono gani?" Wa kulia. "Yeye anasema nini?" Kimya kirefu. "Anasema, 'Mzee, usiniache.'" "Halafu?" Akafumbua macho, akatazama mlango. "Halafu namwachia."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Kwa mama wa marehemu alisema mwanawe alikufa palepale, hakuumia. Akaenda msibani na uongo huo, akala nao, akarudi nao nyumbani.

## Vikao vya 15 hadi 19: hatia

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini taharuki ilishuka kwenye breki lakini mtu akazidi kuugua. Kukabili hutibu hofu vizuri sana, na Bwana M. hofu alikuwa nayo. Kilichokuwa kikimla ni hatia na aibu, na hivyo kwake havikuisha kwa kurudiwa tu. Ukimrudisha mtu mara 20 kwenye dakika anayoamini aliua, bila kuigusa imani hiyo, unamsomea hukumu mara 20. Tuliacha rekodi kwa muda tukahamia kwenye fikra iliyokwama. Aliiandika mwenyewe: "Nilimwachia mkono, kwa hiyo nilimuua."

Sikumwambia si kosa lake. Mkewe, wenzake, kiongozi wake wa dini, wote walishamwambia, na kila mara alijibu kimoyomoyo kwamba wangejua wasingesema. Nikauliza maswali tu. Mguu ulikuwa umebanwa na nini? Waokoaji waliutoa kwa kifaa gani, na walichukua muda gani? Alijua, alisoma taarifa ya ajali: mashine ya kukatia chuma, zaidi ya saa nzima. "Wewe ulikuwa na nini?" "Mikono." Akanyamaza.

Alikuwa ameweka viganja juu ya magoti. Kwa wiki zote hizo niliyaona makovu yale, ngozi iliyokaza na kung'aa kutoka kifundo hadi vidoleni, nikayahesabu kuwa majeraha ya ajali basi. Nikamwuliza, "Haya uliyapata saa ngapi?" Akageuza viganja, akavitazama kama vya mtu mwingine. Wakati wa kutoka kwenye kioo hakukuwa na moto. Barabarani hakukuwa na moto. "Ndani," akasema. "Nikiwa nimemshika." Nikanyamaza. Ikapita dakika, labda mbili. "Basi sikumwachia mapema," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Maelezo hayo tuliyarudisha ndani ya kumbukumbu yenyewe, kama wanasaikolojia Anke Ehlers na David Clark wanavyofundisha: hayaongelewi pembeni, yanaingizwa palepale pachungu. Akasimulia tena, na alipofika kwenye "namwachia" akaongeza, "mguu wake umebanwa na chuma ambacho hakuna mikono ingekitoa, na viganja vyangu vimeshaungua." Namba ilikuwa 95. Kikao kilichofuata 70, kisha 40.

Tulichora pia duara la lawama. Kwanza alijipa 90 kwa 100. Nikamwomba ajiweke wa mwisho: matengenezo yaliyoahirishwa, mzigo uliozidi, agizo la kuondoka usiku uleule, mteremko, chuma. Alipofika kwake ilibaki 15. Nikadhani atafurahi, hakufurahi. Alisema hiyo 15 ni ya kweli: asubuhi alisikia breki zikilia, akaondoka hivyohivyo kwa sababu alichoka kubishana na ofisi. Sikuibishia. Hatia nyingine ni dalili, nyingine ni habari ya kweli kuhusu jambo ulilofanya, na mtaalamu anayezifuta zote kwa kitambaa kimoja hupoteza imani ya mteja wake.

## Vikao vya 20 hadi 22: kurudi

Alianza kwa kukaa kwenye gari dogo lililozimwa, kisha abiria, kisha akaendesha mtaani. Tukaenda pamoja kwenye mteremko wenyewe. Alitegemea kukuta pameungua. Palikuwa na majani yaliyofika magotini, na malori yakishuka yanapiga breki hewa ikitoka "tsss" kila dakika chache. Alisimama dakika 50. Namba ilianzia 80, ikaishia 25. Aliokota kipande cha kioo, akakitazama, akakirudisha chini.

Kwenda kwa mama wa marehemu lilikuwa wazo lake, na nilisita. Kusema ukweli ili wewe upate nafuu huku mwenzako akibeba picha mpya ya mwanawe si jambo la kukimbilia. Tulilipima vikao viwili. Alituma kwanza ndugu wa marehemu aulize kama mama anataka kusikia zaidi. Mama alitaka. Aliuliza jambo moja tu: kama mwanawe alikuwa peke yake. Bwana M. akamwonyesha viganja. Kaka wa marehemu, aliyekuwepo, alisimama akatoka nje.

## Matokeo

Kikao cha 19 PCL-5 ilikuwa 34, cha mwisho 21, miezi sita baadaye 18. Siku ya kumbukumbu ya ajali ilipanda tena hadi 27, ikashuka yenyewe ndani ya wiki tatu. PHQ-9 ikawa 6, na swali la kutamani kufa sifuri. Jinamizi kama mara moja kwa mwezi. Vidonge aliviacha kabisa kikao cha 17, analala kitandani. Lori hajarudi kuendesha na hataki. Anasimamia upakiaji, na moja ya kazi zake, aliyoiomba mwenyewe, ni kukagua breki kabla gari halijatoka.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi si siri: kuigusa kumbukumbu, kuihoji fikra iliyokwama, kurudi mahali penyewe. Yote yalikuwemo kwenye mafunzo yangu tangu siku ya kwanza. Kilichoniokoa ni dodoso la kila wiki chache. Macho yangu yaliona mteja mtulivu, anayeshika mazoezi, anayeshukuru. Namba haikushukuru. Kama ningefuata hisia zangu, ningemuaga kikao cha 12 nikiwa na barua nzuri ya kufunga kesi na mtu asiyelala.

Kutulizana si kubaya. Tatizo ni kwamba kwa mteja anayekwepa, zoezi la kutulia huwa njia mpya ya kukwepa, tena yenye baraka za mtaalamu. Siku hizi nikifundisha kupumua nasema wazi ni kwa ajili ya usingizi na foleni ya dukani, si kwa ajili ya kikao tunachosimulia.

Kupanda kwa alama katikati ya tiba ya kukabili hutokea kwa baadhi ya wateja na peke yake si sababu ya kuacha. Kosa langu lilikuwa kuchukulia kupanda kule kuwa kwa kawaida kwa wiki mbili nzima bila kuuliza kunatoka wapi. Namba ya taharuki ilikuwa ikishuka kwenye sehemu za hofu na kugoma kwenye sehemu moja. Huo ulikuwa ujumbe, nami nilikuwa na rekodi mezani.

EMDR ingemfaa? Inawezekana, hasa kwa aibu aliyoshindwa kuitamka, na siwezi kusema vikao 22 vingekuwa 22. Nilipaswa kumwambia kikao cha kwanza kwamba yupo mwenzangu mwenye mafunzo hayo, badala ya kusema tu kwamba mimi sina. Kuna tofauti kati ya sentensi hizo mbili, na mteja aliyechoka haoni anachokosa.

Mkewe nilimwingiza mwishoni mno. Kwa mwaka mzima alikuwa akiacha milango wazi, akizima redio habari za ajali zikianza, akijibu simu za wenzake kwa niaba yake. Yote kwa upendo, na yote yalikuwa yanailisha hofu. Kikao kimoja cha watu watatu mwanzoni kingemfanya awe msaada wa tiba, na simu ile ya kikao cha 13 isingekuwa mara yake ya kwanza kunieleza anachokiona.

Kuhusu ziara kwa mama, wenzangu tuliojadiliana nao kesi hii wamegawanyika. Wapo wanaoona nilipaswa kuizuia kwa sababu familia ile haikuwa wateja wangu na sikuwa na njia ya kuwashika. Hoja yao ina uzito. Mama alituma salamu mara mbili tangu siku ile. Kaka wa marehemu bado hapokei simu. Bwana M. ameniuliza kama ajaribu tena, na kila mara nimemjibu kwamba sijui.